Fahamu: Kituo cha haki cha mtaani hufanya nini?

Kijana akikamatwa Mathare, Nairobi, familia isiyo na pesa za wakili inaweza kukimbilia kituo cha haki cha mtaa. Wakazi wanaojitolea huandamana nayo hadi kituo cha polisi na kuuliza: kosa ni lipi, na jina la kijana limeandikwa kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi? Swali hilo ni zito, kwani ambaye hakuandikwa ni rahisi kupotezwa.

Wanategemea Katiba ya Kenya ya 2010. Kifungu cha 49 kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Zikiisha mahakama ikiwa imefungwa, ni siku ya kazi ya mahakama inayofuata.

Kazi ngumu zaidi ni kuhifadhi ushahidi. Mwaka 2017 Kituo cha Haki cha Mathare kilitoa ripoti kuhusu mauaji nje ya sheria, iliyoandaliwa na wakazi wenyewe. Huo ni ujasiri unaostahili heshima.

Ndugu yako akikamatwa, kumbuka: bondi ya polisi ni bure. Ukilipa dhamana ya pesa taslimu, dai risiti.