Maji ya Kisima Hutoka Wapi?

Msomaji, ukichimba kisima Tunduma, Vwawa au Mlowo, ukayaona maji yanang'aa kama kioo, usiseme upesi, "Haya ni safi." Jicho huona tope, haliwezi kuona chumvi iliyoyeyuka. Yafaa kwanza kuuliza: maji haya yametoka wapi, nayo yamepita wapi?

Jibu limo ndani ya maji yenyewe, maana kila yapitapo huchukua kitu. Wataalamu hupima vitu hivyo ili kuifuata njia ya maji chini ya ardhi, kama mwindaji afuatavyo nyayo.

Alama ya kwanza ni uzito. Yako maji mazito kidogo na maji mepesi, kwa sababu ya aina za oksijeni na haidrojeni zilizomo. Wingu lipandapo mlima hudondosha zaidi yaliyo mazito kwanza. Kwa hiyo mvua ya mlimani huwa nyepesi kuliko ya bondeni. Tena, jua likausHapo ziwa, mepesi huruka zaidi na mazito husalia. Basi mtaalamu huweza kutambua kama chemchemi yalishwa na mvua ya mlimani au na maji yaliyovuja ziwani.

Alama ya pili ni umri. Majaribio ya mabomu ya nyuklia, hasa kabla ya mwaka 1963, yalijaza angani aina ya haidrojeni iitwayo tritiamu, ambayo hupungua nusu kila miaka 12 na kidogo. Maji yasiyo nayo kabisa aghalabu yalizama kabla ya majaribio hayo. Hayo ni akiba ya kale. Yakivutwa bila kiasi hayarudi upesi.

Mfano u karibu nasi. Katika bonde la mto Songwe uendao Ziwa Rukwa (si Songwe ule wa mpaka wa Malawi), ziko chemchemi za maji moto. Asili ya maji yale ni mvua iliyozama chini sana, ikapata joto la ardhi, ikachukua gesi ya kaboni na kuyeyusha chokaa. Yatokapo nje, gesi huruka na chokaa hugeuka mawe. Mawe yale ni ushahidi wa safari ya maji.

Katika nchi za volkano maji huweza kuchukua floridi pia. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto huingia madoa, na ikizidi mno kwa miaka mingi mifupa hudhurika.

Lakini hatari nyingine yatoka uani mwetu. Naitreti na kloridi zikiongezeka pamoja kisimani, mashaka ni juu ya choo au zizi. Naitreti ikiwa nyingi na kloridi kidogo, huenda ni mbolea ya chumvichumvi ya shamba la kahawa au mahindi. Mpaka wa naitreti ni miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa kwa maji hayo huweza kugeuka rangi ya buluu kwa kukosa oksijeni katika damu, hata kufa. Wala kuchemsha hakuiondoi: kwaua vijidudu, lakini maji yakipungua chunguni naitreti huzidi kukolea.

Kwa hiyo shika haya:

1. Choo na zizi viwe upande wa chini wa mtelemko, mbali na kisima mita 30 au zaidi.

2. Mbolea itiwe kidogo kidogo kwa awamu, si kabla ya mvua kubwa, wala si karibu na kisima.

3. Maji yapimwe kabla ya kunywewa, tena baada ya masika. Mjini uliza mamlaka ya maji. Kijijini uliza RUWASA.

4. Usitie rangi wala chumvi kisimani ili kujaribu njia ya maji. Wataalamu wanayo rangi yao, nao huitia kwa kipimo.

Kisima kipya ni gharama kubwa kwa mwenye nyumba. Gharama ya kupima maji yake ni ndogo, na huenda ikaokoa uhai wa mtoto.