Kusoma kwa Vidole: Kazi za Mikono za Watoto Maktabani

Aghalabu watu hudhani kwamba maktaba ya umma ni mahali pa kukaa kimya na kutazama vitabu. Je, mtoto asiyeona atafaidi nini humo? Swali hili lina uzito hasa Irente, karibu na mji wa Lushoto, kwani hapo ipo shule ya msingi ya wasioona iliyoanzishwa na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri katika miaka ya 1960. Nayo sheria ya mwaka 1963, iliyoweka msingi wa maktaba za umma nchini, ilikusudia huduma hiyo iwafikie wananchi wote.

Jibu la kwanza lilitolewa na Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni. Mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15, alibuni maandishi ya nukta nundu. Kila herufi hukaa katika nafasi ya nukta sita. Kwa kuwa kila nukta yaweza kuinuliwa au kuachwa, mipangilio yote ni 2×2×2×2×2×2, yaani 64. Ukiondoa ule usio na nukta hata moja, hubaki 63.

Nukta hizo huachana kwa milimita 2.5 hivi, na kipimo hiki kina sababu. Mwanafunzi na afumbe macho, kisha mwenzake amguse kwa ncha butu za vijiti viwili. Kwenye ncha ya kidole atatambua kuwa ni viwili hata vikiachana kwa milimita 2 au 3 tu. Kwenye kigasha atahisi kama kimoja mpaka viachane kwa sentimita kadhaa, kwa sababu huko miisho ya neva za mguso imetawanyika zaidi.

Picha nazo zaweza kusomwa kwa vidole. Hata hivyo, jicho huona picha nzima kwa mara moja, bali kidole hukusanya sehemu baada ya sehemu. Kwa hiyo mchoro wa kugusa uwe na mistari michache isiyosongamana. Watoto waweza kuutengeneza maktabani kwa kubandika uzi wa mkonge na mbegu juu ya kadibodi.

Kadhalika udongo wa mfinyanzi wafaa sana. Genge la Irente hushuka karibu mita 1,000 hadi uwanda wa Mazinde. Watoto wakikubaliana kwamba sentimita 1 iwakilishe mita 100, genge lao litakuwa na kimo cha sentimita 10. Mtoto aonaye atajifunza vipimo. Asiyeona atapitisha mkono kutoka kileleni hadi chini, na kulijua umbo la genge analoishi karibu nalo.

Kazi hizi hazihitaji mashine wala fedha nyingi. Zikiwekwa rafuni pamoja na maelezo ya maandishi ya kawaida na ya nukta nundu, watoto wote watazisoma bega kwa bega.