Uaminifu Kazini: Nani Anahesabu?

Ukimwuliza mtu mwizi ni nani, atakujibu ni yule avunjaye mlango usiku. Jibu hilo si baya, ila halitoshi. Katika kazi nyingi mwizi hana haja ya kuvunja kitu. Ana ufunguo, kalamu au mizani aliyokabidhiwa na mwajiri wake. Kwa hivyo mimi nitaueleza uaminifu kazini kwa njia moja tu: ni kuhesabu sawasawa mahali ambapo hakuna wa kukukagua.

Tuanze na kazi za hapa kwetu. Mpima samaki kule Msambweni anahesabu kilo. Mfanyakazi wa hoteli Diani anahesabu mashuka na chupa za soda. Konda wa matatu ya Ukunda na Likoni anahesabu nauli. Wote hao huaminiwa kwa neno lao. Mizani ikichezewa kidogo, mnunuzi tajiri hadhuriki. Anayeumia ni mvuvi aliyekesha baharini, pamoja na watoto wake wanaongoja karo. Kumbe hesabu ya uongo mara nyingi humpata mtu ambaye hata hayupo pale.

Wako wasemao, "Ah, wawili watatu wakizidi kuna neno gani?" Wengi wetu tukienda Mombasa tunavuka kwa feri, basi tukumbuke Mtongwe. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na ufuo. Uwezo wake ulikuwa abiria 300, nayo ilikuwa imebeba yapata 400. Walikufa watu 272, wengi wao wakienda kazini. Haiwezekani kusema kosa lote lilikuwa la mtu mmoja. Hata hivyo msiba ule ulitufunza kwamba kuhesabu abiria si kazi ndogo. Anayesimama langoni na kusema "imejaa, ngojeni" hutukanwa sana, lakini huenda ndiye anayeokoa roho za watu.

Mfano wa pili ni mzuri zaidi, nao uko Gazi, kati ya Diani na Msambweni. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wana mradi uitwao Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 za mikoko. Miti hiyo hufyonza hewa ya kaboni inayotoka kwenye viwanda na magari, na wanunuzi wa nchi za mbali hulipa kwa kila tani. Pesa zimesaidia maji na shule za vijiji hivyo. Sasa fikiri: mnunuzi aliye Ulaya hawezi kuiona hewa hiyo, wala hawezi kuishika. Anachonunua hasa ni hesabu. Kuna watu wanaoingia topeni na futikamba, wakapima unene wa mashina na kuandika. Kuna na mlinzi anayekataa chai ya mkata boriti. Mpimaji akiandika miti isiyokuwepo, au mlinzi akigeuza uso, bidhaa yote inakuwa upepo mtupu, na bomba la maji la kijiji linakauka.

Utaniuliza, "Je, mwaminifu hupata nini?" Swali hilo ni la haki, tusidanganyane. David Munyakei alikuwa karani katika Benki Kuu ya Kenya. Mwaka 1992 aliona mamilioni ya shilingi yakilipwa kampuni ya Goldenberg ati kwa kuuza nje dhahabu na almasi, hali Kenya haina almasi za kuchimba. Hesabu haikuingia akilini. Alitoa karatasi hizo zikafika kwa wabunge wa upinzani. Mwaka 1993 alikamatwa, na ingawa kesi haikuendelea, kazi aliipoteza. Alihamia huku Pwani, akaishi Mombasa kwa muda. Mwaka 2004 shirika la Transparency International lilimpa tuzo ya uadilifu, lakini alifariki mwaka 2006 akiwa maskini.

Ndiyo sababu sioni vizuri kuwaambia wenzangu kwamba mwaminifu hutajirika. Yafaa tudai alindwe. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamtaka mwenye mamlaka kazini aripoti hongo ndani ya saa 24. Tena anayemtesa au kumshusha cheo mtu aliyetoa habari anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Munyakei hakuwa na kinga kama hiyo.

Wanafunzi wenzangu, sisi hatujaajiriwa bado, lakini tunahesabu kila siku: pesa za safari ya chama, vitabu vya maktaba, sahani za bwenini, hata alama tunapobadilishana karatasi kusahihishana. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Anayechovya leo daftari la mahudhurio, kesho atapewa daftari la zahanati. Na siku hiyo dawa itakayokosekana itakuwa ya mama ya mtu.