Msondo, Sikinde na Genesis: Shabiki Anasikia Nini?

Wanazuoni wenzangu, mtu anayependa wimbo na mtu aliye shabiki wa bendi si mtu mmoja. Anayependa wimbo anausikia kwenye daladala, unamkaa kichwani siku tatu, halafu basi, anahamia mwingine. Shabiki wa bendi ana kesi ya kutetea. Anajua nani alipiga gitaa la solo, nani alihama, mwaka gani, na kwa nini baada ya hapo bendi "haikuwa ile tena". Ukimkatisha ananuna. Ukimwachia aendelee, utakosa gari la kurudi hosteli.

Makala hii inawahusu watu hao. Nataka kueleza wanasikia nini ambacho wengine hatusikii, na kwa nini sisi tunaosoma tunawahitaji kuliko tunavyodhani.

Nianze na wa mbali. Kwenye chumba chetu hosteli yupo mwenzetu mmoja anayepiga roki ya zamani ya Uingereza, ile inayoitwa roki ya progresivu. Ni roki ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliyotaka kuwa pana kama muziki wa okestra: nyimbo ndefu, zenye sehemu nyingi, mapigo yanayobadilika katikati. Bendi yake ni Genesis. Katika albamu yao ya Foxtrot ya mwaka 1972 kuna wimbo mmoja, "Supper's Ready", unaochukua dakika kama 23. Mwaka 1975 mwimbaji wao, Peter Gabriel, akaondoka. Watu wakasema bendi imekwisha. Mpiga drams, Phil Collins, akasogea mbele kwenye maikrofoni, na mwaka 1976 wakatoa A Trick of the Tail. Mpaka leo mashabiki wamegawanyika: kuna wa Genesis ya Gabriel na wa Genesis ya Collins, na hawapatani.

Siku mwenzetu alipotumia chakula chote cha jioni kutetea Genesis ya kabla ya 1975, mimi nilicheka. Nilishawaona watu wa aina yake tangu nikiwa mdogo kwetu Nanganga, pale barabara ya Lindi kwenda Masasi inapoachana na ile ya Ruangwa. Ila wa kwetu hawajui Genesis ni nini. Wao ni wa Msondo na Sikinde.

Kwa wasiojua, historia yenyewe ni hii. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Baadaye ikawa OTTU Jazz, na leo inaitwa Msondo Ngoma. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park Orchestra, na baadaye ikamilikiwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Ndiyo Sikinde. Waanzilishi wake walitoka bendi nyingine, na kati yao walikuwamo waimbaji wawili wakubwa kutoka upande wa Msondo: Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka. Tangu hapo Tanzania ikapata Simba na Yanga ya muziki.

Msondo na Sikinde si majina ya bendi hasa. Ni mitindo. Kila bendi ya dansi ilikuwa na mtindo wake wenye jina, na shabiki alijitambulisha kwa mtindo. Majina haya mawili yametoka kwenye ngoma zetu za asili: msondo ni ile ngoma ndefu ya kusimama, na sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Kwa hiyo mtu akikuambia "mimi Sikinde", hakutajii CD aliyonunua. Anakutajia anakosimama.

Hapa ndipo shabiki wetu anapoachana na yule wa Genesis. Wa Genesis alikuwa na albamu mkononi. Albamu ina jalada lenye picha, ina orodha ya nyimbo kwa mpangilio, na majina ya wapigaji yameandikwa. Anasikiliza huku anasoma. Wa Msondo alikuwa na nini? Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Nyimbo zilipelekwa Kenya, zikarudi kwenye sahani ndogo za 45, na kwa kuwa nyimbo za dansi ni ndefu, wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Njia ya santuri ikawa ngumu zaidi.

Kilichobaki ni Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi iliingia studio ya RTD, ikarekodi, mkanda ukabaki redioni na wimbo ukapigwa nchi nzima. Shabiki wa Nanganga aliupata kwa betri za redio yake. Kaseti zilipoenea, alikaa na kidole kwenye kitufe cha kurekodi, akimwomba Mungu mtangazaji asiongee juu ya utangulizi. Aliupata wimbo, lakini hakupata jalada. Nani kapiga besi? Nani katunga? Ni mwaka gani? Hayo alilazimika kuyatafuta kwa kusikiliza, kuuliza na kubishana. Jalada la albamu alilitunga mwenyewe, kichwani.

Ndiyo maana nasema kwetu shabiki si mnunuzi wa albamu. Shabiki ndiye albamu.

Sasa, anasikia nini? Chukua wimbo wowote wa Mlimani Park wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, tuseme "Neema", alioimba Cosmas Chidumule, yule ambaye baadaye alihamia muziki wa injili. Nyimbo za namna hiyo kwa kawaida zina sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni kisa. Magitaa yanafungua taratibu, mwimbaji anasimulia, wenzake wanaitikia, na ala za kupuliza, tarumbeta na saksafoni, zinajibu katikati ya beti. Ya pili ni chemko. Jina lenyewe linajieleza: chungu kilikuwa jikoni, sasa kinachemka. Mwendo unabadilika, maneno yanapungua, magitaa yanasukana kama mkeka, na mcheza dansi aliyekuwa amekaa anasimama.

Msikilizaji wa kawaida anasikia wimbo mzuri halafu sehemu ya kucheza. Shabiki anasikia gitaa la solo, la pili na la ridhimu kila moja kwa njia yake. Anasikia besi inabadilika kabla chemko halijafika, kama mtu anayekohoa kabla ya kuingia ndani. Yule mwenzetu wa hosteli anafanya kazi hiyo hiyo na dakika zake 23.

Mjomba wangu ni wa Msondo. Kwetu kusini mjomba si ndugu wa kutembelea sikukuu tu. Mjomba ana kauli juu yako. Basi mimi niliipata elimu hii kama amri. Nikiwa darasa la sita nilimwambia wimbo fulani ni mzuri. Akasimamisha kaseti.

"Mpwa wangu, mzuri nini? Neno 'mzuri' hata mbuzi angeweza kulisema kama angekuwa na mdomo wa kusemea. Umesikia nini?"

Akairudisha kaseti kwa kalamu ili asimalize betri, akaniambia nisikilize besi peke yake. Mara ya pili, ridhimu peke yake. Mara ya tatu, ala za kupuliza. Mara ya nne ndiyo niliruhusiwa kusikiliza maneno. Nimekuja chuo kusoma ualimu, nikakutana na mada ya stadi za kusikiliza kwenye ukumbi wa mihadhara, watu 300 na projekta. Niliyokuwa nafundishwa pale nilishafundishwa chini ya mkorosho.

Kwenye kijiwe cha mjomba yupo pia fundi baiskeli, mtu wa Sikinde mpaka kwenye mifupa. Ubishi wao mkubwa ni kuhama kwa wanamuziki, na hapa inabidi nieleze kwa nini walihama sana. Bendi nyingi zilikuwa mali ya mashirika, vyama au watu wenye fedha. Magitaa, vipaza sauti na jina la bendi vilikuwa vya mwenye bendi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Akitokea mwingine mwenye mshahara bora au vyombo vipya, anahama, na mtindo anauacha nyuma. Gurumo alitoka Msondo kwenda Sikinde mwaka 1978. Mwaka 1985 akaenda International Orchestra Safari Sound yenye mtindo wa Ndekule. Baadaye akarudi Msondo, akapumzika muziki mwaka 2013 na kufariki Aprili 2014. Bitchuka naye amevuka kati ya Msondo na Sikinde zaidi ya mara moja.

Sasa shabiki afanye nini? Amfuate mtu au abaki na mtindo? Fundi anasema mtindo ni nyumba, watu ni wapangaji. Mjomba anasema sauti ya Gurumo ikihama, nyumba imehama. Ukiwasikiliza vizuri, wanabishana jambo ambalo sisi tunalisoma kwa majina makubwa: kazi ya sanaa ni ya nani, ya aliyeiimba au ya aliyenunua vyombo? Tanzania ilipata sheria mpya ya hakimiliki mwaka 1999. Sehemu kubwa ya nyimbo wanazobishania ilikuwa imesharekodiwa.

Kama ingekuwa burudani ya wazee tu, ningeishia hapa. Lakini kuna jambo nililiona likizo iliyopita, bonde la Lukuledi, mpunga ukiwa unaiva. Shamba moja lilikuwa limezungushiwa mkanda wa kaseti, umefungwa mti kwa mti. Wa kwetu mnajua: ule mkanda ukipigwa na upepo unameta na kuvuma, ndege wanaogopa. Nikauliza umetoka wapi. Ulitoka kwenye sanduku la mzee mmoja wa kijiwe kile kile, aliyefariki mwaka mmoja kabla. Wajukuu walikuta kaseti nyingi, hakuna redio ya kuzichezea, na mpunga unaliwa na ndege.

Siwalaumu. Mpunga ni chakula, na mimi mwenyewe nimefukuza ndege sana kwenye lile bonde. Nyimbo zenyewe huenda zipo mahali pengine. Nyingine zimetolewa tena nje: mkusanyo wa "Sikinde" ulitoka Marekani, "Sungi" ulitoka Ujerumani, na Ufaransa kampuni ya Buda Musique imeweka muziki wa dansi wa Dar katika mfululizo wake wa Zanzibara. Kilichopotea pale ni vile vikaratasi. Yule mzee aliandika kwenye kila kaseti, kwa peni ya bluu, jina la wimbo, mwimbaji, mpiga solo, na siku aliyourekodi redioni. Sanduku zima lilikuwa kitabu cha kumbukumbu, na kimeishia shambani.

Sisi sasa nyimbo hizo hizo tunazipata kwenye memori kadi na simu. Unafungua, unakuta "Zilipendwa mix namba 7". Hakuna mwimbaji, hakuna mpigaji, hakuna mwaka. Fundi simu wa stendi anakuwekea nyimbo 200 kwa bei ya soda, na jina la mtu aliyepiga gitaa halimo hata moja. Wimbo unaishi, aliyeufanya anakufa mara ya pili.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji kusubiri bumu. Likizo hii, kila mmoja wetu amtafute shabiki mmoja wa kwao. Si lazima iwe Msondo. Kama kwenu ni Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, Marijani Rajabu au taarabu, sawa. Mpigie shikamoo, kaa, washa kinasa sauti cha simu kwa ruhusa yake, mpigie wimbo mmoja anaoupenda na umwulize mambo matano: nani anaimba, nani anapiga nini, aliusikia mara ya kwanza lini na wapi, wimbo unasema nini chini ya maneno, na nani kijijini anabishana naye.

Swali la tano ndilo la muhimu. Kumbukumbu ya shabiki si ushahidi wa mwisho. Mtu anayependa sana hukuza mambo. Mjomba na fundi hupishana hata miaka. Kwa hiyo ukimaliza na wa Msondo, nenda kwa wa Sikinde na umchezee ulichorekodi. Atamkosoa mwenzake bila huruma, na hapo ndipo utapata habari iliyochujwa. Sisi wa ualimu tunaweza kwenda nayo hata kwenye mazoezi ya kufundisha: wimbo mmoja, wanafunzi 60, sikiliza mara nne, mara ya kwanza besi tu.

Andika majibu kwa mkono ulionyooka, weka tarehe na jina la kijiji, leta. Jarida hili lina kurasa. Na kabla hujaaga, ukitaka, muulize mzee wako kwa nini ni wa Msondo na si wa Sikinde. Ila hakikisha simu ina chaji na hakuna anayekusubiri nyumbani.