Wanalipa mamilioni kumvua samaki, kisha wanamwachia aende zake. Huu ni uvuvi gani?

Siku moja tu ya kuvua kwenye vinamasi vya Louisiana, kusini mwa Marekani, inaweza kumgharimu mgeni dola 600 hadi 900. Kwa hela ya Tanzania hiyo ni milioni moja na nusu kwenda juu, na bakshishi ya nahodha bado haijaguswa. Jioni mgeni anarudi bandarini na picha kwenye simu. Samaki kamwacha huko huko majini.

Kwa mtu aliyezoea kuona mvuvi anarudi na tenga, hesabu hii haiingii akilini. Lakini ina mantiki yake. Na nyuma ya starehe hii ya wenye nazo kuna tatizo zito: samaki wakubwa wamepungua, na ardhi inayowalea inazama.

Ni wapi hasa?

Mto Mississippi umeshusha tope kwa maelfu ya miaka mpaka ukajenga delta kubwa kwenye Ghuba ya Mexico. Ni nyasi za maji chumvi, vijito, vidimbwi na matuta ya magamba ya chaza, kilomita kwa kilomita.

Safari nyingi huanzia vijiji vya wavuvi kama Hopedale na Delacroix, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka New Orleans, au Venice, ambako barabara inaishia kabisa. Kutoka hapo ni boti. Baada ya muda hakuna nyumba, hakuna mti, na mtandao wa simu unakatika.

Eneo linalotajwa sana ni Biloxi Marsh. Jina lisikuchanganye: mji wa Biloxi uko jimbo jirani la Mississippi, ila vinamasi vyenyewe viko Louisiana, wilaya ya St. Bernard.

Samaki mwenye ngoma tumboni

Anayetafutwa ni red drum, yaani ngoma nyekundu, ingawa wavuvi wengi wanamwita redfish. Jina la ngoma halikuja bure. Wakati wa kuzaliana, dume hutikisa misuli inayopiga kibofu chake cha hewa, na mdundo wake unasikika majini. Ana rangi ya shaba na doa jeusi karibu na mkia, wakati mwingine madoa mawili au zaidi.

Wachanga hukulia vinamasini wakila kaa na kamba. Wakifika miaka minne hivi wanatoka kwenda bahari kuu kuungana na wazazi, na wanaweza kuishi hadi miaka 40. Rekodi ya dunia, samaki wa zaidi ya kilo 42, iliwekwa North Carolina mwaka 1984.

Kinachoipa Louisiana sifa ni kwamba kuanzia Oktoba hadi Februari hivi, wale wakubwa wanarudi kwenye maji ya kina kifupi kufuata chakula. Samaki wa kilo kumi na zaidi anaogelea kwenye maji ya magotini, mgongo ukionekana juu. Anayependa kuvua kwa macho, yaani kumwona samaki kwanza ndipo arushe ndoana, atapata tabu kukuta mahali pengine kama hapa.

'Nzi' asiyeruka

Sasa, kifaa chenyewe. Hakuna chambo cha dagaa wala pweza. Kuna ndoana iliyofungwa nyuzi, manyoya na vipande vinavyong'aa ili ifanane na kaa au kamba. Wenyewe wanaiita nzi, kwa sababu uvuvi huu ulianzia kwenye mito ya maji baridi, ambako samaki hula wadudu.

Shida ni kwamba nzi huyo hana uzito wa maana. Kwenye uvuvi wa kawaida, risasi au chambo ndicho kinachovuta mshipi ukirusha. Hapa mambo yamegeuzwa: mshipi wenyewe ndio mzito, mnene na umepakwa plastiki. Mvuvi anaurusha nyuma kwa ufito mrefu, anasubiri unyooke hewani, kisha anaupeleka mbele. Mwishoni kuna nailoni nyembamba ambayo samaki haioni kirahisi.

Wageni wengi hufika wakijisifu wanaweza kurusha mbali. Huku hilo halisaidii sana. Maji mara nyingi yana tope, samaki anaonekana akiwa tayari yuko mita kumi au kumi na tano, na upepo hauishi. Anayefaulu ni mwenye haraka na shabaha.

Kosa lingine ni pale samaki anapouma. Waliozoea mito huinua ufito juu, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Mdomo wa redfish ni mgumu, ndoana inachomoka. Inatakiwa kuvuta mshipi kwa mkono, moja kwa moja, ndoana izame. Nahodha anaweza kulirudia hilo siku nzima, na bado mtu akishtuka anainua ufito.

Mgeni analipia macho ya nahodha

Ufito na mshipi mtu anaweza kununua mtandaoni. Anacholipia hasa ni yule aliyesimama nyuma.

Boti ni bapa, ya kuelea kwenye maji ya sentimita 20 au 30. Wakikaribia samaki, injini inazimwa na nahodha anapanda kwenye jukwaa lililo juu ya injini, tezini. Anasukuma boti kwa pondo. Ndiyo, pondo ile ile wanayoijua watu wa mitumbwi, ila hii ni ya kaboni, nyepesi, na ina urefu unaokaribia mita sita. Mgeni anasimama omo, mshipi mkononi, anasubiri kuambiwa.

Maelekezo yanatolewa kwa uso wa saa. Omo ni namba 12, kushoto kabisa ni 9, kulia kabisa ni 3. Mswahili atakayekwenda huko ajiandae: nahodha akipaza sauti kwamba samaki yuko saa tisa, kichwa chako kitakupeleka kulia, kumbe samaki yuko kushoto.

Nahodha pia anasoma upepo kuliko anavyosoma mwezi. Mtu wa Lamu au Bagamoyo, aliyezoea bamvua la mita tatu na zaidi, atashangaa kusikia kwamba huku maji kupwa na kujaa ni kama sentimita 30 tu kwa siku ya kawaida. Upepo ndio wenye nguvu. Ukivuma kutoka kusini unasukuma bahari ndani ya nyasi. Baridi ikishuka kutoka kaskazini, maji yanakimbia, vidimbwi vinakauka, samaki wanabanana kwenye mikondo iliyobaki. Ni siku nzuri ya kuvua, na siku nzuri ya kukwama kwenye tope mpaka kesho yake.

Kuna pia ramani isiyoonekana kwa macho. Sehemu kubwa ya vinamasi hivi ni mali ya watu na makampuni. Sheria za Louisiana zinaacha mwanya kwa mwenye ardhi kuendelea kudai eneo lake hata baada ya ardhi hiyo kumezwa na maji. Kwa hiyo boti inaweza kuwa inaelea juu ya maji ya bahari, na bado nahodha akaambiwa ameingia kwa mtu. Asiyejua mipaka hiyo anaweza kujikuta mahakamani.

Kwa nini wasimle?

Walishamla, na karibu wammalize.

Miaka ya 1980 mpishi maarufu wa New Orleans, Paul Prudhomme, alipata umaarufu kwa mlo mmoja: minofu ya redfish iliyochovywa kwenye siagi, ikapakwa viungo na kuunguzwa kwenye kikaango cha chuma chenye moto mkali. Migahawa nchi nzima ikaiga. Meli za nyavu zikaanza kuzoa makundi ya samaki wazazi baharini. Mwishoni mwa miaka hiyo mamlaka zilifunga uvuvi wake kwenye maji ya serikali kuu, na Louisiana ikazuia uvuvi wake wa kibiashara. Redfish anayeliwa mgahawani leo, kwa kiasi kikubwa, ametoka kwenye mabwawa ya kufugia.

Samaki wakapumua. Lakini wavuvi wa burudani waliendelea, na tathmini ya mwaka 2022 ikatoa picha mbaya. Chukulia samaki wachanga 100 ambao wangefika kuungana na wazazi kama kusingekuwa na uvuvi. Louisiana inataka angalau 30 kati yao wapite. Waliokuwa wanapita ni kama 20.

Tarehe 20 Juni 2024 sheria mpya ikaanza. Mtu mmoja anaruhusiwa samaki wanne kwa siku badala ya watano, wawe na urefu wa kati ya inchi 18 na 27, yaani sentimita 46 hadi 69 hivi. Zamani uliruhusiwa kuchukua mmoja aliyezidi inchi 27. Sasa hata huyo haruhusiwi. Na kwenye safari za kulipia, nahodha na wasaidizi wake hawaruhusiwi kubeba mgao wao.

Maana yake, kwa samaki wale wakubwa wanaowatoa wageni Ulaya na kwingineko, kuachia si uungwana tu, ni sheria.

Manahodha wengi wa uvuvi wa nzi walikuwa wanawaachia tangu zamani, na si kwa huruma peke yake. Jike mkubwa anataga mayai kwa mamilioni, na anaweza kufanya hivyo kwa miongo. Halafu kuna biashara: samaki aliyekaangwa ameuzwa mara moja, aliyeachiwa anaweza kuuzwa tena wiki ijayo kwa mgeni mwingine. Ndiyo maana wanakuwa wakali boti ikiwa na samaki. Lowesha mikono kwanza. Mshike chini ya tumbo, usimning'inize kwa taya. Piga picha haraka, mrudishe.

Vinamasi vinakatika kama mkate

Sheria ya samaki inaweza kubadilishwa kwa kikao. Ardhi ni habari nyingine.

Kwa mujibu wa taasisi ya jiolojia ya serikali ya Marekani, USGS, kati ya 1932 na 2016 pwani ya Louisiana ilipoteza takriban kilomita za mraba 4,833. Hiyo ni karibu mara tatu ya kisiwa cha Unguja, na ni kama robo ya ardhi yote iliyokuwepo mwanzoni. Kwa kasi ya miaka ya mwisho ya utafiti huo, eneo linalolingana na uwanja wa futiboli ya Kimarekani lilikuwa linapotea kila dakika 100.

Sababu ni nyingi na zinasaidiana. Baada ya mafuriko makubwa ya 1927, kuta za kuzuia mto ziliimarishwa, na tope lililokuwa linajenga delta likawa linatupwa bahari kuu. Kampuni za mafuta na gesi zilichimba mifereji maelfu ya kilomita, maji chumvi yakaingia kuua nyasi. Mfereji mmoja wa meli, uliojulikana kama MRGO, ulipita karibu kabisa na Hopedale na kuharibu vinamasi na misitu ya St. Bernard kwa miaka 40 hivi, mpaka ukazibwa kwa mawe mwaka 2009. Ongeza udongo unaodidimia wenyewe, bahari inayopanda, na vimbunga kama Katrina na Rita vya 2005.

Lakini wakati vinamasi vinakufa, uvuvi unaweza kuonekana mzuri. Kaa, kamba na samaki wadogo hujazana pembezoni, pale nyasi zinapokutana na maji. Kinamasi kizima kina pembezoni chache. Kikivunjika vipande mia, pembezoni zinaongezeka, chakula kinaongezeka, redfish wanakuja. Mgeni anapiga picha ya maisha yake. Kisha vipande vinazidi kusagika, pembezoni zinaisha, panabaki maji matupu. Wanaopima hali ya pwani kwa idadi ya samaki waliovuliwa msimu huu wanaweza kuwa wanasoma kipimo kisicho sahihi.

Jaribio kubwa la kurekebisha mambo lilikuwa mradi wa Mid-Barataria, wa karibu dola bilioni 3. Ulilenga kutoboa ukuta wa mto ili tope lirudi vinamasini. Sehemu kubwa ya fedha ilitokana na fidia ya mafuta yaliyomwagika mwaka 2010 kwenye ajali ya Deepwater Horizon. Ujenzi ulizinduliwa Agosti 2023. Wavuvi wa chaza na kamba waliupinga, kwa hofu kwamba maji baridi ya mto yangeua mazao yao, na hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Julai 2025 jimbo lilitangaza kuufuta, gharama na kesi zikitajwa miongoni mwa sababu.

Manahodha nao hawakuwa na kauli moja. Kwa baadhi, maji baridi yangesogeza samaki mbali na bandari zao. Wengine walisema bila tope, bandari hizo hazitakuwa na kinamasi cha kumpeleka mgeni.

Wakati huo ramani zinaendelea kusahihishwa. Kufikia 2013, taasisi ya bahari na hali ya hewa ya Marekani, NOAA, ilikuwa imefuta majina ya sehemu takriban 30 kwenye ramani za wilaya ya Plaquemines, ilipo Venice. Yellow Cotton Bay ni mojawapo. Ilikuwa ghuba kwa sababu ilikuwa na ardhi kando yake. Ardhi ilipoondoka, ikawa bahari tu.