Utulivu Huanzia Kwenye Kusema Kweli

Mtu aliyeacha pombe kwa wiki tatu hukutana na jambo ambalo hakulitarajia. Mikono imeacha kutetemeka, chakula kinapita, usingizi unakuja vipande vipande. Lakini moyo haujatulia. Simu ikiita anashtuka. Anapita njia ya nyuma ili asionane na mwenye duka. Mkewe akimuuliza, "Mbona umechelewa?", anajibu uongo, ilhali safari hii hakuwa na la kuficha: alikuwa kwa fundi baiskeli. Pombe ameiacha, mazoea ya kujificha bado anayo.

Sura hii inahusu mazoea hayo. Hoja yangu ni kwamba anayetoka kwenye uraibu hapati utulivu wa kila siku kwa kuufukuzia utulivu wenyewe. Anaupata kwa kuwa mkweli katika mambo madogo, siku hiyohiyo, mbele ya mtu anayestahili kuambiwa. Mifano yangu mingi ni ya pombe kwa sababu ninaandika nikiifikiria Buhembe na vijiji vya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, lakini anayehangaika na heroini, bangi au kamari atajiona humu pia.

Tuanze na mwili, maana usipoeleweka mtu hujilaumu bure. Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Kwa anayekunywa kila siku kwa miaka, ubongo hujirekebisha: huongeza nguvu za kuamsha ili uweze kufanya kazi hata ukiwa umelemewa na kilevi. Pombe ikikatwa ghafla, mzigo unaondoka lakini nguvu za kuamsha zinabaki juu. Ndipo linapokuja jasho, moyo kwenda mbio, mtetemeko na woga usio na sababu. Dalili hizi huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kunywa mara ya mwisho. Degedege ikitokea, mara nyingi hutokea ndani ya saa 48. Kati ya siku ya pili na ya nne wapo wanaochanganyikiwa, wakaona wadudu ukutani au wakazungumza na watu wasiokuwepo. Hali hiyo huua. Kwa hiyo mtu ambaye asubuhi ni lazima azimue ndipo mikono itulie, asiache pombe peke yake nyumbani. Aende hospitali, na akifika aseme kiasi anachokunywa bila kupunguza. Huo ndio ukweli wa kwanza katika safari nzima, na unaokoa maisha, kwa kuwa daktari hupanga dawa kwa kile anachoambiwa. Aliyesema "chupa mbili tu, tena jioni" huku akinywa gongo tangu alfajiri amejiombea matibabu ya mtu mwingine.

Wiki ya kwanza ikipita salama, hatari kubwa nayo imepita. Usingizi mbovu na hasira za ghafla vinaweza kuendelea kwa miezi. Huo ni ubongo unaorudi mahali pake taratibu, na hakuna maombi wala kiapo kitakachouharakisha.

Sasa turudi kwenye uongo, kwa sababu una mizizi yake mahali. Lubisi, pombe ya ndizi ya Wahaya, haijawahi kuwa kinywaji cha kujificha. Ndizi za pombe huvumbikwa mpaka ziive, hukamuliwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, maji yake yakachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, na kesho yake kuna cha kumpa mgeni. Lubisi imo katika posa, katika harusi, katika msiba, katika kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa kibanja. Gongo, ambayo Kagera huitwa enkonyagi, huchemshwa kutokana na lubisi hiyohiyo, haina kipimo, na ndiyo inayowamaliza wengi. Lakini hata yeye anayemalizwa na gongo alianzia mahali pa heshima, kati ya wazee, akiwa amekabidhiwa kibuyu.

Ndiyo maana uongo wa mlevi wa huku una sura yake. Katika mji ambamo kunywa ni aibu, mtu huficha kwamba anakunywa. Buhembe hakuna sababu ya kuficha hilo, kwani kila mtu amemwona. Anachoficha ni kiasi, saa, na fedha. Mikungu sita ilipouzwa, nyumbani inatajwa minne. Kahawa ilishalipwa, mama watoto anaambiwa malipo bado. Kila uongo wa namna hiyo unahitaji mwingine wa kuulinda, na mwenye nao analazimika kukumbuka alimwambia nani nini. Kazi hiyo ya kukumbuka ndiyo inayomchosha. Akiacha pombe bila kuacha kazi hiyo, atabaki na uchovu uleule, na uchovu ndio mlango ambao kiu hupitia kurudi.

Njia ya kutoka humo imewahi kugunduliwa na watu wasiojuana, katika miaka ileile ya 1930. Mei 1935, Bill Wilson, Mmarekani wa biashara ya hisa aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu, alikwama hotelini katika mji wa Akron, Ohio, biashara yake ikiwa imekufa. Sauti za baa zilimfikia ukumbini. Badala ya kuingia, alipiga simu akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Alipelekwa kwa daktari wa upasuaji aliyeitwa Robert Smith. Wilson hakumhubiria. Alimweleza habari zake mwenyewe, jinsi alivyokunywa na jinsi alivyodanganya. Smith alikunywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana bila kutajana majina nje. Wote wawili walikuwa wamepitia kundi la Kikristo la Oxford Group, ambalo watu wake walitenga muda wa kukaa kimya kila asubuhi na kukiri makosa yao mbele ya wenzao.

Miaka hiyohiyo, Gahini nchini Rwanda, uliwaka moto wa Uamsho, vuguvugu la toba miongoni mwa Wakristo. Ulivuka Uganda, na kabla muongo haujaisha ulikuwa umefika kwa Walutheri wa Bukoba. Watu wake, Abalokole, walikutana katika vikundi vidogo, wakasema waziwazi waliyotenda, wakarudisha walichoiba, wakaomba radhi kwa majirani, na wakaacha pombe. Hebu fikiria ilikuwaje kwa Mhaya wa wakati ule kusimama na kusema lubisi siinywi tena: wengine walimwona ameukana ukoo. Askofu Josiah Kibira, ambaye mwaka 1964 alimpokea Bengt Sundkler uongozi wa kanisa la Walutheri hao na mwaka 1977 akawa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, alikuwa mtu wa Uamsho huo. Ninapowasikia watu wakisema kwamba vikundi vya kusema ukweli ni mambo ya Kizungu yaliyoletwa na miradi, huwa nawarudisha kwenye historia hii. Bibi zetu walikaa katika vikundi hivyo.

Hata hivyo Uamsho ulikuwa na kasoro moja ambayo anayetoka kwenye uraibu hana budi kuiepuka. Kukiri mbele ya kusanyiko zima kunaweza kumjeruhi asiyekuwepo: mwanamke aliyetajwa, ndugu aliyeshirikishwa wizi. Tena kunaweza kugeuka tamasha, mtu akaongeza dhambi ili toba ionekane kubwa. Ukweli ninaouzungumzia hauhitaji ukumbi.

Unahitaji jioni. Kabla ya kulala, kaa dakika kumi uipitie siku kuanzia kulipokucha. Wakatoliki wa Kagera tangu utoto wanajua kutafiti dhamiri katika sala ya jioni. Waislamu wana kuihesabu nafsi kabla haijahesabiwa. Tofauti hapa ni moja tu, kwamba hutafuti dhambi peke yake. Unatafuta mahali ambapo utulivu ulivunjika. Lini leo nilishtuka? Nani nilimkwepa? Fedha zipi sikuzitaja? Wapi nilicheka ilhali nimeumia? Na pia: wapi nilisema kweli ikaniletea nafuu? Hilo la mwisho wengi hulisahau, halafu wanashangaa kwa nini kila jioni wanalala wamejichukia. Anayependa aandike kwenye daftari. Asiyependa aseme kwa sauti ndogo. Kinachohitajika ni kwamba jambo moja katika hayo lirekebishwe kabla ya jioni inayofuata. Moja latosha. Mwenye duka alikwepwa? Kesho nenda umwambie, "Deni lako nalikumbuka, leo nina elfu mbili, Jumamosi nitaleta nyingine." Utashangaa jinsi njia ya mbele ya duka inavyofunguka.

Nani aambiwe yaliyo mazito zaidi? Katika mitaa ambayo kila mtu ni shemeji wa mtu, siri ni kitu adimu, na nawaelewa wanaohofia. Chagua mtu mmoja ambaye kinywa chake umekiona kikinyamaza kwa habari za wengine. Akiwa aliyewahi kulewa na kuacha ni bora zaidi, kwa sababu hatashtuka. Zanzibar, tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, vijana waliotoka kwenye heroini wamejenga nyumba za upataji nafuu kwa msingi huo, aliyetangulia akimshika mkono anayefuata, wakifuata njia ileile iliyoanzia Akron huku wakiswali pamoja. Mwaka 2020 watafiti watatu walipitia tafiti 27 zenye washiriki 10,565 na kuona kwamba, kwa suala la kukaa bila pombe kabisa, njia hii ya Alcoholics Anonymous haikuzidiwa na tiba nyingine zilizozoeleka, na mara nyingi ilizipita. Haitoshi kwa kila mtu. Mwenye sonona au anayesikia sauti anahitaji daktari wa akili pia.

Kagera ina sababu yake ya kuuamini ukweli unaosemwa. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa huu. Watu waliuita ugonjwa Juliana, jina la kitambaa, ili wasiutaje. Mwaka 1987 uchunguzi wa Bukoba mjini ulikuta virusi kwa asilimia 24.2 ya watu wazima. Mwaka 1996 ilikuwa 13.3. Mengi yalichangia, na sehemu ya kushuka huko ni makaburi. Lakini walioishi miaka ile wanakumbuka jinsi mazungumzo ya sebuleni yalivyobadilika, wazazi wakaanza kutaja mbele ya watoto mambo ambayo wao hawakutajiwa. Mkoa ulioweza kuutaja ugonjwa ule unaweza kuutaja ulevi.

Mtihani mkubwa wa wiki hauji kwenye kilabu cha pombe, maana huko mtu anaweza asiende. Unakuja kwenye shughuli ya ukoo. Baba mkubwa ananyoosha kibuyu, watu wanatazama. Wengi husingizia: nina dawa za malaria, tumbo linauma. Nasaha yangu ni kutotumia kisingizio hata kama kinaonekana hakina madhara, kwa kuwa dawa za malaria zina siku ya kuisha na utaulizwa tena. Jibu liwe fupi na la heshima: "Waitu baba mkubwa, pombe nimeacha, ilikuwa inaniua. Nakuomba kahawa." Uhayani mgeni huheshimiwa pia kwa buni zilizochemshwa na kukaushwa, za kutafuna, na heshima hiyo ni ya zamani kama ile ya kibuyu. Mzee atapata cha kumpa, mgeni atapata cha kupokea. Watakaotania watatania mara ya kwanza na ya pili. Kisha litakuwa jambo linalojulikana, na hakutakuwa na mtu wa kumkwepa.

Na wapo watakaoanguka. Kurudia si ajabu katika ugonjwa huu. Kinachoamua mara nyingi ni saa zinazofuata: aliyekunywa Jumamosi akasema Jumapili asubuhi ana tukio moja mkononi, aliyekaa kimya mpaka mwisho wa mwezi ana mwezi mzima wa kuulinda. Basi na anayeambiwa naye ana kazi. Asianze na "nilijua tu". Asiombe kiapo, kwa kuwa viapo vilishatolewa vya kutosha mbele ya padri, shehe na mama mzazi. Aulize amekunywa kiasi gani, kama mikono inatetemeka, kama kuna haja ya kwenda hospitali leo, na fedha zilizobaki ziko wapi. Kisha amwandalie chakula, wale, na ile hesabu ya jioni ifanyike usiku huohuo, wote wawili wakiwa wamekaa.