Herufi Imepotea, Data Zipo

Umeme ukikatika usiku Kintinku na kurudi alfajiri, seva nyingi huwaka zenyewe na kazi ikaendelea kama kawaida. Makala haya yanahusu ile ambayo haikuamka vizuri: Windows imefunguka, diski C ipo, lakini diski D, ambamo data zote za ofisi zimehifadhiwa, haionekani. Mapokezi wanalalamika mfumo haufunguki na foleni inazidi kurefuka. Aliye karibu na kibodi ni karani, muuguzi au mwalimu wa somo la kompyuta, na wote wanamtazama yeye.

Kintinku ni mji mdogo wa Wilaya ya Manyoni, chini kabisa kwenye Bonde la Ufa, mahali Reli ya Kati inapopita ikitoka Bahi kabla ya kuanza kupanda ukingo wa bonde kutoka Saranda kwenda Manyoni. Fundi anayezifahamu seva atatoka Manyoni au Dodoma, na inawezekana afike kesho. Kwa uzoefu wa kazi hii, umeme uliokatika huharibu kidogo kuliko watu wanavyodhani. Data nyingi huangamia baadaye, katika zile saa za kumsubiri fundi, pale mtu mwenye nia njema anapoamua kujaribujaribu.

Kwa hiyo tuanze na herufi yenyewe. Watu wengi huamini kwamba D imeandikwa ndani ya diski. Haimo. Herufi hizi ni urithi wa enzi za disketi: A na B ziliachiwa disketi, na IBM PC XT ya mwaka 1983 ilipokuja na diski ngumu ndani yake, diski hiyo ikawa C. Mazoea hayo tumebaki nayo mpaka leo. Windows huweka orodha ya herufi kwenye rejista yake, mahali panapoitwa MountedDevices. Kwa diski za mtindo wa zamani, orodha hiyo hutaja alama ya utambulisho ya diski yenye baiti 4 pamoja na mahali patisheni, yaani kipande cha diski, inapoanzia. Kwa diski za mtindo mpya hutaja namba ya pekee ya patisheni. Seva ikiwaka, Windows huangalia diski zilizopo, hulinganisha na orodha yake, kisha hugawa herufi. Orodha ikivurugika, au herufi ikichukuliwa na kifaa kingine, diski inabaki bila jina ilhali mafaili yake hayajaguswa hata moja.

Patisheni ni jambo jingine. Hizo zimo ndani ya diski, na ramani yake hukaa mwanzoni mwa diski. Ichukulie kama ramani ya upimaji wa viwanja: ikiungua ofisi ya ardhi, nyumba na mashamba bado yapo palepale, ila hakuna anayeweza kusema mpaka unapita wapi. Mtindo wa zamani, MBR, huweka ramani hiyo katika sekta moja tu ya baiti 512, ina nafasi ya patisheni kuu 4, na haiwezi kuhesabu zaidi ya takriban TB 2. Ndiyo maana ofisi hununua diski ya TB 4, ikaiandaa kwa MBR, kisha ikabaki inashangaa nusu ya pesa yake imekwenda wapi. Mtindo mpya, GPT, huruhusu patisheni 128 kwenye Windows na, muhimu zaidi kwetu, huweka nakala ya pili ya ramani mwishoni mwa diski. Kwa seva yoyote inayonunuliwa leo sioni sababu ya kutumia MBR.

Ukishatenganisha mambo hayo mawili, herufi na ramani, utafutaji wa tatizo unakuwa mwepesi. Fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, andika diskpart, kisha list disk, kisha list volume. Amri hizi mbili za list husoma tu, hazibadilishi chochote. Piga picha kwa simu matokeo yote mawili umtumie fundi kabla ya kufanya jambo lolote. Picha hiyo itamsaidia kuliko maelezo ya nusu saa kwenye simu.

Ikiwa diski yenyewe haimo katika list disk, tatizo ni la vifaa: waya, umeme, kidhibiti cha diski, au diski imekufa. Zima seva kwa utaratibu wake, chomoa umeme, kagua waya na vumbi. Kama seva inatumia RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, na kidhibiti kikasema kimeona mpangilio mgeni, usikubali kuufuta wala usitengeneze mpangilio mpya. Hapo ni pa fundi peke yake.

Diski ikiwepo lakini imeandikwa Offline, mara nyingi ni habari njema. Windows Server ina sera ya kuziacha nje ya kazi baadhi ya diski mpya inazoziona, hasa zile zilizounganishwa kwa njia inayoweza kutumiwa na seva zaidi ya moja. Hii huwapata wanaobadilisha kidhibiti au kuhamishia seva kwenye mashine nyingine. Ichague kwenye diskpart, andika online disk, diski inarudi. Kuna tahadhari moja: kama mtu aliwahi kunakili diski nzima kwenda diski nyingine na zote mbili zimechomekwa, zina alama ileile ya utambulisho, na Windows haikubali mbili zinazofanana. Itaiacha moja nje. Ukiilazimisha, Windows itaiandikia alama mpya, na nakala uliyoitegemea kuwasha seva siku ya dharura huenda isiwake. Chomoa nakala hiyo, iweke kabatini.

Hali inayotokea zaidi kwenye ofisi ndogo ni hii: diski ipo, iko Online, patisheni ni nzima, ila haina herufi au ina herufi tofauti. Mwizi wa herufi huwa ni ekstena au flashi iliyoachwa imechomekwa usiku. Chomoa vifaa vyote vya USB, tazama tena list volume, kisha chagua ile patisheni kwa ukubwa wake na jina lake, uirudishie herufi yake kwa amri ya assign. Ukubwa na jina, nasema, kwa sababu namba za volume hubadilika kila kifaa kinapoongezwa. Aliyeizoea volume 3 ya jana anaweza leo kuishika volume 3 isiyo yenyewe.

Sasa, herufi imerudi lakini mfumo bado haufunguki. Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji watulie. Vituo vingi vya afya vya umma Tanzania vimetumia GoT-HoMIS, mfumo ulio chini ya OR-TAMISEMI unaobeba usajili wa mgonjwa, malipo, maabara na dawa, na matoleo yake ya awali yalikaa kwenye seva iliyofungwa kituoni. Shule zina mifumo yao ya matokeo na ada, na vyama vya ushirika vina ya kwao. Kwa kawaida nyuma ya mifumo ya namna hii kuna hifadhidata, na hifadhidata huwashwa na Windows mara seva inapowaka. Ikitafuta D isiione, inazima. Ukirudisha D saa mbili baadaye, yenyewe haijui. Inabidi uiwashe upya kwenye orodha ya huduma za Windows, au uwashe upya seva nzima.

Asiyejua hilo hufanya kosa kubwa kuliko yote: anasakinisha programu upya. Usakinishaji unafaulu na mfumo unafunguka, lakini hauna mgonjwa hata mmoja, kwa sababu umetengeneza hifadhidata tupu kwenye C. Ofisini wanashukuru mfumo umerudi, wanaanza kusajili. Baada ya siku chache kuna hifadhidata mbili, ya zamani kwenye D na mpya kwenye C, namba za usajili zinagongana, na kuziunganisha ni kazi ya wiki. Ingekuwa nafuu kuandika kwenye daftari siku hiyo moja. Rejista ya karatasi haina aibu yoyote.

Wanaotumia Linux wasitucheke. Kweli hawana herufi, lakini wana ugonjwa wa ukoo uleule. Diski iliyokuwa sdb inaweza kuwa sdc baada ya kuwashwa upya, na ndiyo maana faili la fstab linapaswa kutaja namba ya UUID badala ya jina hilo. Kibaya zaidi, diski isipoungwa mahali pake, folda yake hubaki ipo, tupu, na programu ya bakapu itaandika humohumo bila kulalamika. Kumbe inaandika kwenye diski ya mfumo, inaijaza mpaka pomoni, na asubuhi seva nzima imesimama. Amri za lsblk na df zitakuonyesha kama unachokiona ni diski au ni folda tu.

Kuhusu C iliyojaa niseme machache. Windows inaweza kuongeza C ikiwa tu nafasi tupu iko mara baada yake upande wa kulia. Katika seva mpya, patisheni ndogo ya ukarabati mara nyingi hukaa hapohapo na kuziba njia. Ukaivamia na kuifuta, unapoteza zana za kuiokoa Windows. Patisheni hiyohiyo ilileta kero Januari 2024, sasisho la Microsoft liliposhindwa kuingia kwenye mashine ambazo ilikuwa ndogo mno, na kampuni ikaelekeza iongezwe MB 250. Kabla ya kugusa mipaka, angalia kwanza kama kilichojaza C si kumbukumbu za programu za miaka mitatu iliyopita. Mara nyingi ndizo.

Sasa tuje kwenye hali ya kuogofya. Windows inaweza kuiita patisheni RAW, au kusema diski haijaanzishwa, au kukuletea kisanduku kinachouliza kama unataka kuifomati ili uitumie. Kisanduku hicho kina lugha ya upole mno kwa jambo zito namna ile. Jibu ni hapana, na usilibadilishe jibu hilo hata akikuhimiza nani. Katika diski ya sahani, fomati ya haraka huacha data nyingi chini yake. Katika SSD, Windows huiarifu diski kwamba nafasi yote sasa ni tupu, na diski inaweza kuisafisha kabisa. Hata chkdsk, ambayo watu huipenda kama panadoli, ikipewa nyongeza ya f huandika kwenye diski. Diski inayokufa ikiandikiwa hufa haraka zaidi. Ikitoa mlio wa kugongagonga, izime.

Fundi anayejiheshimu ataanza kwa kunakili diski yote, sekta kwa sekta, kwenda diski nyingine kwa programu kama ddrescue, kisha atafanya kazi kwenye nakala. Kwa ramani ya patisheni iliyopotea ipo TestDisk, programu huria ya Mfaransa Christophe Grenier, ambayo hupitia diski ikitafuta alama za mwanzo wa kila patisheni na kuijenga ramani upya. Kama diski ni ya GPT, huenda nakala ile ya mwishoni ikatosha. Fundi akianza kwa kufomati ili, kama asemavyo, arudishe baadaye, mshukuru kwa kuja na umpe nauli ya kurudi.

Pia usiipakie diski ya wagonjwa au wanafunzi kwenye basi kwenda kwenye kibanda chochote cha kompyuta mjini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile inazozipa uzito wa pekee. Diski iende kwa mtu anayejulikana na Afisa TEHAMA wa halmashauri, kwa maandishi.

Bakapu nayo huangushwa na herufi. Ofisi ina ekstena mbili zinazobadilishana kila wiki. Bakapu imeelekezwa F, lakini ekstena ya pili inapochomekwa inakuwa G. Bakapu inashindwa kimyakimya wiki moja kati ya mbili na hakuna anayegundua. Zipe ekstena herufi za mwisho, mfano X na Y, mbali na zile ambazo flashi hunyakua, na amri ya bakapu iandikwe ikizitambua zote mbili. Zifomatiwe kwa NTFS, kwa sababu exFAT haina jarida la kuisaidia kurekebika umeme ukikatika katikati ya kazi. UPS iwepo, na betri yake ibadilishwe inapochoka, maana UPS nyingi za ofisini zimebaki kuwa soketi tu zenye taa. Kila mwezi, fungua bakapu moja kwenye kompyuta nyingine uone kama inasomeka.

Leo hii, seva ikiwa nzima, endesha list disk na list volume, uchapishe matokeo, uandike kando yake kila herufi inabeba nini na ni programu gani inaitegemea. Bandika karatasi hiyo ndani ya mlango wa kabati la seva, pamoja na namba ya simu ya fundi, na chini yake uandike kwa herufi kubwa: USIFOMATI.